Radhi Iliyotoka Nyuma ya Nyiragongo

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliochunika magoti kwenye mawe meusi ya Mapendo, mtaa wetu wa Goma, kuongea na mtu wa mbali ilikuwa kazi ya mwili mzima. Leo watoto wangu wamejilaza kwenye kiti, kidole kimoja kinatembea juu ya kioo, na bado wananung'unika: eti rezo, huo mtandao wao, iko mbaya, eti fulani hajajibu, ni dakika mbili sasa. Dakika mbili! Sisi tulikuwa na dakika kumi na mbili kwa juma zima, na za kwetu zilitokea upande wa ziwa, zikapita juu ya vichwa na kupotelea kwenye mlima.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nikiwaeleza hawa wa kwangu wananitazama kama vile nimesema nilizaliwa na mkia.

Jumamosi zetu mnazikumbuka. Asubuhi bidoni za maji kutoka ziwani, zimefungwa juu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao, na sisi watoto tunasukuma nyuma huku magurudumu ya mbao yanapiga kelele mpaka meno yanatetemeka. Nguo zinaanikwa juu ya mawe, na ole wako upite na miguu ya vumbi. Saa sita harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga inatoka kila uwanja, na mama anasema yule atakayechelewa atakula fufu na harufu. Baada ya chakula wasichana tunaruka kamba, wavulana wanafukuza mpira wa makaratasi, kandambili zinakatika, tunazishona kwa waya, tunaendelea. Halafu, karibu na saa kumi, mtu mmoja anapiga ukelele: "Prof anatoka!" Hapo kamba inaanguka chini, mpira unaachwa palepale, na mtaa mzima wa watoto unakimbia.

Prof Kambale alikuwa jirani yetu, mwalimu wa fizikia kwenye shule ya sekondari. Mwembamba, shati lake moja la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na redio ndogo ya mkononi aliyoachiwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao, na redio hiyo ilisikia na kusema. Sasa, phonie mnaikumbuka, ile mashine kubwa ya kule sokoni ya kuongea na miji ya mbali, yenye waya mrefu uliofungwa kwenye milingoti miwili. Prof naye angependa mlingoti wake. Lakini jaribu kuchimba shimo Mapendo uone. Sururu inaruka, cheche zinatoka, jiwe linakucheka. Alijaribu siku mbili, akapata shimo la kutosha kuku kulala.

Basi akatengeneza antena ya kushika mkononi. Fundi wa chukudu wa pale kona alimpa kipande cha mti wa mkalitusi, amekipiga randa vizuri kabisa. Mikono ya ile antena ilikatwa kutoka mètre ya maçon, ule utepe wa chuma wa njano wa kupimia ukuta, ambao wajenzi walikuwa wameuchosha. Namba bado zilionekana. Nilikuwa najua kwa kichwa kwamba mkono mrefu wa nyuma uliishia kwenye namba themanini na saba. Ukiiona kwa mbali ungesema Prof amebeba mifupa ya samaki mkubwa. Askari walimsimamisha kila mara, naye kila mara alitoa karatasi yake yenye muhuri, amefunga ndani ya plastiki, akawaeleza fizikia mpaka wakamwomba aende zake.

Kazi ya antena hiyo ilikuwa kufuata satelite. Prof alituambia kuna kisanduku kidogo huko juu, hakizidi katoni ya sabuni, kinakimbia kutoka upande wa Bukavu, kinapanda juu ya ziwa, kinapita juu ya vichwa vyetu, kinashuka nyuma ya Nyiragongo. Kikiwa juu, kinasikia sauti yako na kuirudisha chini kwa watu wa nchi nzima na nchi nyingine, wote pamoja. Kikishazama nyuma ya mlima, basi. Hata ulie. Sisi watoto tulielewa jambo moja tu, kwamba huko juu kuna kitu kinachosikia, kwa hiyo saa ya Prof hakuna aliyemtukana mwenzake.

Alisimama juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu, mkono wa kulia umeinua antena, anaizungusha polepole kama mtu anayefuata ndege, mkono wa kushoto unageuza kitufe kidogo kidogo, maana alisema sauti ya kitu kinachokimbia haikai mahali pamoja. Kwenye kikapu, chini, kulikuwa na betri ya pikipiki. Na mimi, Furaha, niliyekuwa na miaka kumi na niliyejua kusoma saa, nilipewa saa yake ya mkono nihesabu dakika kwa sauti, kwa Kifaransa cha shule: minute une, minute deux. Jamani, nilivimba kichwa! Siku hizo hata salamu za wenzangu nilizijibu nikipenda.

Kila Jumamosi Prof aliongea na Frère Léon, bradha wa misioni aliyekuwa na redio ya aina hiyohiyo kule Kindu. Wanaitana, wanapeana habari ya hali ya hewa, wanaachia wengine nafasi. Sheria ilikuwa moja: jina lako, mji wako, neno lako, nyamaza. Satelite ni moja, watu ni wengi.

Na hapo ndipo mama yangu anaingia.

Mama alikuwa mtu wa Kindu. Zaina, binti wa nyumba ya wafanyabiashara Waislamu. Papa alikuwa dereva wa lori, Mkristo wa Rutshuru, na babu, baba yake mama, alikataa ndoa hiyo kabisa. Si kwa ugomvi, alikataa kwa kunyamaza. Asubuhi moja babu akiwa msikitini, mama alipanda lori na kifurushi chake cha nguo, akaja Goma. Miaka kumi na miwili babu hakutuma salamu hata moja, na mama naye hakuthubutu. Tulizaliwa watoto wanne, hakuna aliyewahi kumwona. Ila tulijua. Mtoto akiugua, lori likiharibika, nyanya zikioza, mama alikaa pembeni ya jiko akasema kwa sauti ndogo: "Ni juu sina radhi ya papa."

Papa alikuwa anaumia akisikia vile. "Zaina," alikuwa anamwambia, "mi niliendesha lori tu, lakini wewe ndiyo ulipanda. Tafuta radhi yako, siwezi kukubebea hiyo."

Mwaka ule habari ikafika kupitia kwa mfanyabiashara mmoja: babu amelala, miguu imevimba, hatoki kitandani. Njia ya Kindu ilikuwa imefungwa. Phonie ya Kindu nayo ilikuwa kwenye soko lao, na mzee asingeweza kubebwa mpaka huko. Mama hakula siku hiyo. Jioni akavaa kitenge chake kizuri, akaenda kwa Prof, mimi nyuma yake.

Prof alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Mama Furaha, redio ya Frère Léon iko kama hii yangu, inabebwa na mukono. Nitamuomba kwa phonie ya sokoni, aipeleke mupaka kwa kitanda ya muzee. Lakini usikie vizuri. Ni minute kumi na mbili, na huku kwetu mulima unatuiba mbili. Sema neno yako ya kwanza kwanza."

"Nimesikia," mama akasema.

Hakusikia kitu.

Jumamosi ikafika. Mama amejifunga leso, amepaka mafuta, kama vile babu angemwona. Papa alikuwa safarini. Satelite ikatokea juu ya ziwa, Prof akaita, na Frère Léon akajibu tayari yuko kwenye uwanja wa babu, mzee ametolewa nje na kitanda chake. Prof akamshikisha mama redio, akamwonyesha pa kubonyeza.

"Asalam aleikum, papa," mama akasema.

Mlio wa upepo. Halafu sauti nzito, ya mtu anayetafuta pumzi: "Aleikum salam."

Ninyi mnajua desturi yetu. Mtu hafiki mbele ya baba yake akaanza kudai vitu. "Papa, umeamuka aje? Kichwa iko aje? Na mugongo? Na usingizi? Mama mudogo yuko? Batoto ya kaka? Ile mbuzi ya masikio nyeupe? Majirani? Mvua?" Kila swali anaachia kitufe, anangoja, babu anajibu: salama. Swali, salama. Swali, salama. "Minute six!" nikapiga kelele, dakika ya sita. Prof anamwonyesha kwa vidole, anapunga mkono, anasogeza kichwa kuelekea mlimani. Mama akaziba redio na kiganja akamkaripia: "Prof! Mutu hawezi kusalimia baba yake?"

"Minute neuf!" Dakika ya tisa.

"Papa," mama akasema, na sauti ikabadilika, "nilikuwa na neno..."

Na satelite ikazama nyuma ya Nyiragongo. Redio ikabaki inapumua tu. Mama aliendelea kuishika sikioni muda mrefu.

"Kesho," mama akasema.

"Hapana kesho, mama," Prof akamjibu polepole. "Frère anashuka mujini Jumamosi tu."

Juma lile nyumbani kwetu lilikuwa refu. Mama alifanya mazoezi. Anasonga fufu, anaambia sufuria: "Papa, nipe radhi." Anafua, anaambia sabuni. Mimi nilimshikia saa, naye akaweza kusema neno lake lote kwa sekunde nane. Usiku nilimsikia akimuuliza Papa kama babu atafika Jumamosi. Mimi nikavuta blanketi juu ya kichwa.

Jumamosi ya pili satelite ikatokea, Frère akajibu, mama akachukua redio, akavuta pumzi. Na kabla hajabonyeza, babu akaanza mwenyewe. "Zaina. Umeamuka aje?"

Miaka kumi na miwili, halafu baba yako ndiye anakusalimia wa kwanza. Ungemkata? Mimi hapana. Mama akajibu, salama papa. "Batoto iko ngapi?" Wanne. "Majina yao?" Mama akataja, mmoja mmoja, na babu akayarudia yote, polepole, na jina langu alilitamka mara mbili. Nilisahau kuhesabu. Prof akaninyang'anya saa. "Minute neuf! Mama Furaha, neuf!"

Mama akafumba macho. "Papa, nilitoka kwako bila radhi. Nimechoka. Nipe radhi yako."

Akaachia kitufe. Prof ameinama upande mmoja, antena ameielekeza kwenye bega la mlima, anatafuta kile kidogo kilichobaki. Tukasikia babu akikohoa. Tukasikia: "Zaina, mwanangu, mi..."

Kisha mlima.

Sijawahi kuuchukia ule mlima kama siku ile, hata siku nyingine ulipotapika moto na kutufanyia mabaya zaidi. Mama alikaa juu ya jiwe, akaifunika sura kwa leso. Hakulia kwa kelele. Alisema tu: "Amekataa. Sauti ya kukataa ninaijua." Wanawake wa jirani wakaja kumshika mabega. Prof alisimama na mifupa yake ya samaki, hajui aiweke wapi. Halafu akafungua daftari lake, akahesabu. Satelite ileile ingerudi baada ya saa moja na dakika arobaini, ikipita mbali, upande wa magharibi, chini chini juu ya njia ya Mugunga. Frère Léon labda ameshafunga vitu vyake na kupanda baiskeli. Labda hapana. "Tungoje," akasema.

Tukangoja. Hakuna mtoto aliyerudi kucheza. Mwanamke mmoja alileta chai, ikapoa. Jua likawa la njano juu ya mabati.

Ilipotokea, Prof akaita Kindu. Kimya. Akaita tena, ameunyoosha mkono mpaka shati limetoka kwenye suruali. Kindu hakuna mtu. Mama akasimama, akaanza kujifunga kitenge ili aondoke. Na hapo ikatoka sauti ya mwanamume ambayo hatukuijua, Kiswahili cha pwani, kimenyooka, na ilisema haraka haraka:

"Bibi wa Goma, bibi Zaina, mzee amekupa radhi. Narudia: baba yako amekupa radhi. Umenisikia?"

Prof akambonyezea mama kitufe mwenyewe. "Nasikia," mama akasema.

"Sasa, salaam aleikum," ile sauti ikasema, imetulia.

Aliitwa Athumani. Mtu wa Mombasa, alisema, kazi imemleta Kitale, huko Kenya, naye husimama uani kwake na antena kama sisi. Alikuwa amesikia yote, Jumamosi zote mbili. Kwetu mlima ulipofunga, kwake anga ilikuwa bado wazi, na babu alikuwa bado anaongea, hajui kwamba binti yake hasikii tena. Athumani akachukua kalamu akaandika. Halafu akakaa pale uani kwake kungoja mzunguko unaofuata, maana alisema neno kama lile hawezi kulala nalo.

Akatusomea. "Mzee amesema hivi: radhi nilikupa siku ileile niliporudi kutoka msikitini nikakuta chumba kitupu. Nilikuwa nangoja uje uichukue. Nawe ulikuwa unangoja niilete. Tumekuwa wajinga wawili. Na amesema, mwambie huyo dereva wako aendeshe polepole, amebeba watoto wangu."

Hapo mama alilia kwa kelele. Alilia na kucheka, akamkumbatia Prof na antena yake, mkono mmoja wa mètre ukamchoma shavuni, hakujali. Wanawake wakapiga vigelegele, na vigelegele hivyo vikapanda mpaka kwenye satelite, kwa sababu kitufe kilikuwa kimebanwa kati yao. Athumani wa Kitale na yeyote mwingine aliyekuwa kwenye laini siku ile waliisikia Mapendo nzima. Papa aliporudi kutoka Rutshuru na kuambiwa ujumbe wake, aliingia ndani ya lori, akafunga mlango, akakaa humo peke yake mpaka chakula kikawa tayari.

Babu aliondoka kabla ya Jumamosi iliyofuata. Frère Léon ndiye alituambia, kwa maneno machache. Mama aliomboleza kama mtoto anavyomwomboleza baba yake, akiwa na haki yote ya kufanya hivyo. Athumani hatukumsikia tena. Prof alimwita mara nyingi, akapata watu wengine, wazuri tu, lakini siye.

Miaka ikapita, telefone zikaja, kila mtu akawa na satelite yake mfukoni. Na mama akawa na tabia iliyotuaibisha sana sisi watoto wake. Akikupigia, hasalimii. Unapokea tu, anasema: "Radhi ni yako." Halafu ndipo anaingia kwenye mambo: "Sasa, umeamuka aje?" Na hapo jiandae, salamu zake zinamaliza unité zote za simu, mpaka habari ya kuku. Niko chuo, niko mbele ya wenzangu, simu inalia: radhi ni yako. Niko kwenye taxi: radhi ni yako. Mdogo wangu alimwambia siku moja, "Mama, ulishatupatia hiyo jana." Mama akamjibu: "Na kama leo mulima unafunga?"

Mara ya mwisho nilikuwa Bukavu. Siku zile rezo ya Goma ilikuwa inakufa na kufufuka, ninyi mnajua kwa nini, sina haja ya kueleza. Simu ikalia, jina lake likatokea. "Furaha," akasema, "radhi ni yako. Sasa..."

Ikakatika. Nilipiga mchana ule, nikapiga usiku, nikapiga kesho yake. Siku ya tatu aliyepokea alikuwa mdogo wangu, na kabla hajasema nilishajua. Moyo ulikuwa umemchoka, amelala, hakuamka. Nililia, wee, nililia. Lakini kuna kilio kimoja sikulia, kile alicholia mama juu ya jiwe akiwa ameshika redio inayopumua. Kilichobaki baada ya ile "sasa" kilikuwa salamu tu, na salamu zake ninazijua zote. Angeanza na usingizi.

Leo vijana wana kila kitu. Wanaweza kuonana sura mpaka Ulaya, wanatumiana "bjr" badala ya bonjour na kidole gumba, wanaona alama ya buluu wanakasirika wiki mbili. Hakuna mlima, hakuna minute neuf, hakuna mgeni wa Kitale anayesimama uani kwake na karatasi. Wakati wanao, ila neno lenyewe wanaliweka, wanasema watalisema tu siku moja. Sisi tulikuwa na kipande cha mètre ya maçon na fundi wa chukudu, na mtaa mzima umenyamaza ili mtu mmoja aseme neno lake.

Juzi nimempigia binti yangu, anasoma Kisangani. Amepokea na kelele za wenzake nyuma. Nikamwambia: "Radhi ni yako."

"Maman!" akasema, ameogopa. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Sasa, umeamuka aje?"